Kuhamisha programu ya duka kutoka Windows kwenda Linux: mwongozo kamili kwa waandishi wa programu wa Lubumbashi

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisimamisha huduma ya bure ya kurekebisha usalama wa Windows 10. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Ukizunguka depo za unga za komini ya Kenya hapa Lubumbashi, famasi za Kampemba na maduka ya vipuri ya Katuba, utakuta kompyuta nyingi zilizoingia mjini zikiwa zimekwisha kutumika Ulaya, na mashine hizo hazifikii masharti hayo. Bado zinafanya kazi vizuri. Kinachozifunga kwenye Windows ni programu moja tu: ile ya mauzo na stoku, iliyoandikwa kwa C#, Visual Basic, Delphi au WinDev.

Mwongozo huu unamlenga aliyeandika programu hiyo, au aliyeirithi kutoka kwa mwenzake, na sasa patroni anamwuliza kama inaweza kuendeshwa kwenye Linux. Inawezekana, kwa sababu zana nyingi za kibiashara zilizokuwa za Windows peke yake zimeshavuka. Lakini zana kuvuka hakuvushi programu yako. Kazi yenyewe ni kutenganisha hesabu za duka na dirisha linalozionyesha, na kazi hiyo hakuna kampuni itakayokufanyia.

Hatua ya kwanza: jua zana yako imefika wapi

Anza na .NET, jukwaa la Microsoft linaloendesha programu za C# na VB.NET, maana ndiko mabadiliko yalikokuwa makubwa zaidi. Novemba 2014 Microsoft ilitangaza kwamba itaifungua kodi ya .NET (yaani maandishi ya programu yenyewe, si ushuru) na kuifikisha Linux na macOS. Toleo la kwanza la .NET Core lilitoka Juni 2016. SQL Server, hifadhidata ya Microsoft, nayo ilifika Linux na toleo la 2017. Kabla ya hapo, waliotaka kuendesha C# kwenye Linux walitegemea Mono, mradi ulioongozwa na Miguel de Icaza na kufikia toleo la 1.0 mwaka 2004. Leo C# inaendeshwa kwenye Linux bila ujanja wowote.

Havikuvuka vyote, hata hivyo. Visual Studio yenyewe imebaki Windows. Ile ya Mac ilifungwa Agosti 2024. Windows Forms na WPF, zana za kujengea madirisha, kodi yake iliwekwa wazi mwaka 2018, lakini bado ni za Windows tu. MAUI, zana mpya zaidi ya madirisha, haina Linux katika orodha yake rasmi. Kwa hiyo ikiwa programu yako ni fomu za Windows Forms zenye vitufe vilivyobeba hesabu zote ndani yake, hesabu zitavuka na fomu zitabaki.

Kwa watu wa Visual Basic kuna mambo mawili. VB6, ya mwaka 1998, haikuvuka na haitavuka. Hiyo ni ya kuandikwa upya. VB.NET inakusanywa vizuri kwenye Linux kama maktaba au programu ya terminali, ila mwaka 2020 Microsoft ilisema haina mpango wa kuendelea kuikuza lugha hiyo. Acha hesabu zako katika VB.NET kama zinafanya kazi, na kila kipya kiandike kwa C#. Lugha zote mbili hukaa pamoja katika suluhisho moja bila ugomvi.

Delphi ina historia inayopaswa kukumbukwa kabla ya kulipa. Mwaka 2001 Borland ilitoa Kylix, yaani Delphi ya Linux. Baada ya toleo la tatu iliachwa, na waliojenga juu yake wakabaki na kodi isiyo na zana. Linux ilirudi Delphi mwaka 2017 na toleo la 10.2, kwa programu za seva za biti 64, na kikusanyaji hicho kimewekwa katika matoleo ya bei ya juu. Ndiyo maana kwa duka la kawaida ninapendekeza Lazarus na Free Pascal: ni huria, zinaendeshwa Windows na Linux, na katika menyu ya Tools kuna amri ya kugeuza mradi wa Delphi kuwa wa Lazarus. Fomu nyingi za kawaida hupita. Vijenzi vya kununua ndivyo vinavyokwama.

WinDev, ya PC SOFT ya Montpellier, imeenea sana kwetu tunaosoma Kifaransa. Seva yake ya data, HFSQL, inaendeshwa kwenye Linux, na kuna njia ya kutengeneza programu za Linux, lakini mazingira ya kuandikia yamebaki Windows. Hatua ya bei nafuu ni kuhamisha seva ya data tu na kuziacha kaunta kama zilivyo kwa sasa.

Kuanzia hapa ninafuata njia ya .NET. Mambo ya data, saa, printa na mtihani yanahusu kila zana.

Hatua ya pili: soma leseni kabla ya kupakua

Wengi huruka hapa, na ndipo matatizo yanapojificha. Kodi chanzo ya Visual Studio Code iko chini ya leseni ya MIT, lakini faili unayoipakua kutoka Microsoft ina leseni yake nyingine. Kiendelezi cha C# Dev Kit kinafuata masharti ya Visual Studio Community: bure kwa mtu binafsi na timu ndogo, kwa kulipia katika kampuni kubwa. Kichunguza makosa cha .NET cha Microsoft hakiruhusiwi nje ya zana zake, hivyo ukichagua VSCodium, yaani kodi hiyohiyo iliyokusanywa bila Microsoft, hutakipata. Kihariri cha JetBrains Rider ni bure tangu Oktoba 2024 kwa matumizi yasiyo ya biashara. Kuandikia programu ya depo inayokulipa ni biashara.

.NET yenyewe, yaani kikusanyaji, maktaba na kiendeshaji, ni huria kabisa. Hakikisha programu yako inakusanyika kwa amri ya `dotnet build` kwenye terminali tupu. Ikikusanyika hapo, kihariri chochote kikibadilisha masharti kesho, wewe hutasimama.

Hatua ya tatu: andaa mashine na okoa mega

Weka Ubuntu 24.04. Hazina yake ina .NET 8, inayopatikana kwa:

`sudo apt install dotnet-sdk-8.0`

Toleo la 8 linahudumiwa hadi Novemba 2026. Kwa kazi mpya chagua toleo la 10, lililotoka Novemba 2025 na ambalo huduma yake inafika Novemba 2028.

Intaneti yetu tunainunua kwa mega, kwa hiyo usipakue kitu kimoja mara mbili. Paketi ulizoziweka kwa `apt-get` hubaki katika `/var/cache/apt/archives` (amri ya `apt` kwa kawaida huzifuta baada ya kuziweka), na za NuGet, ghala la maktaba za .NET, katika folda ya `.nuget/packages` ya nyumbani kwako. Kusanya faili za `.nupkg` unazozihitaji kwenye fleshi, kisha kwenye mashine ya pili iambie .NET izichukue hapo:

`dotnet nuget add source /media/fleshi/paketi -n ndani`

Kabla hujaendelea, panga saa ya mashine. Lubumbashi inakwenda saa moja mbele ya Kinshasa, na mtu akichagua Kinshasa kwa sababu ni mji mkuu, mauzo ya saa sita na nusu usiku ya baa ya Kamalondo yataandikwa siku iliyotangulia. Kasha haitalingana asubuhi, na mhudumu ndiye atakayeulizwa.

`sudo timedatectl set-timezone Africa/Lubumbashi`

Kama umeacha Windows na Linux kwenye diski moja, utaona Windows ikirudi nyuma saa mbili kila unapotoka Linux. Linux huweka saa ya ubao wa mashine kwa UTC, Windows huisoma kama saa ya mahali. `sudo timedatectl set-local-rtc 1` inatuliza jambo hilo mpaka utakapoifuta Windows.

Hatua ya nne: toa hesabu ndani ya fomu

Huu ndio moyo wa kazi. Ukiwa bado kwenye Windows, tengeneza mradi mpya wa maktaba ndani ya suluhisho lako, uuite `Duka.Hesabu`, na uulenge kwenye `net10.0` bila neno `windows` nyuma yake. Kisha pitia fomu moja baada ya nyingine. Kila mstari unaojumlisha, unaokata stoku, unaobadilisha dola kuwa faranga au unaopiga TVA (kodi ya ongezeko la thamani) uhamie kwenye maktaba. Fomu ibaki na kazi mbili tu: kupokea alichoandika muuzaji na kuonyesha jibu.

Anza na TVA, kwa sababu kila mtu anajua jibu lake. Kiwango chetu ni asilimia 16. Bidhaa ya faranga 1 250 inatozwa 200, jumla 1 450. Andika mtihani mdogo unaothibitisha hilo, na mingine ya bei zenye senti za dola. Tumia aina ya `decimal`, kamwe si `double`. Na uamue waziwazi namna ya kukadiria: `Math.Round` ya .NET isipoambiwa hupeleka nusu kwenye namba shufwa iliyo karibu, kwa hiyo 2,5 inakuwa 2. Kama patroni anataka 3, andika `MidpointRounding.AwayFromZero`.

Ukikusanya maktaba hiyo, kikusanyaji kitakuonya kwa namba CA1416 kila unapoita kitu cha Windows peke yake. Usizime maonyo hayo; ndiyo orodha yako ya kazi. Utakayoyaona mara nyingi ni rejista ya Windows, ambayo mipangilio yake uihamishie kwenye faili ya JSON, `System.Drawing`, ambayo tangu toleo la 7 haifanyi kazi nje ya Windows, na OLE DB, ambayo ndiyo mlango wa Access. Ripoti za Crystal Reports nazo hazivuki. Zitengeneze upya kwa maktaba ya PDF.

Njia za faili hazitaonywa, na hapo uwe macho. Linux inatofautisha herufi kubwa na ndogo: `Logo.PNG` na `logo.png` ni faili mbili. Mkwaju wa nyuma (`\`) haugawi folda. Tafuta kila `"\\"` katika kodi na uweke `Path.Combine`.

Faili za zamani za maandishi pia zina mtego wake. Katika .NET ya kale kwenye Windows ya Kifaransa, `Encoding.Default` ilimaanisha usimbaji wa Windows-1252; katika .NET mpya ni UTF-8. Majina kama «Société» yataharibika yote. Andika mstari huu mwanzoni mwa programu, kisha ufungue faili hizo ukitaja 1252:

`Encoding.RegisterProvider(CodePagesEncodingProvider.Instance);`

Hatua ya tano: hamisha data

Kama data iko SQL Server na una taratibu nyingi zilizoandikwa ndani yake, baki na SQL Server kwenye Linux. Inahitaji angalau gigabaiti 2 za memori. Mimi sipendekezi chini ya 4. Kwanza uliza majina ya ndani ya faili, kisha urudishe chelezo ukizielekeza mahali papya:

`RESTORE FILELISTONLY FROM DISK='/var/opt/mssql/backup/depo.bak';`

`RESTORE DATABASE Depo FROM DISK='/var/opt/mssql/backup/depo.bak' WITH MOVE 'Depo' TO '/var/opt/mssql/data/depo.mdf', MOVE 'Depo_log' TO '/var/opt/mssql/data/depo_log.ldf';`

Programu ikikataa kuunganika, angalia mstari wa muunganisho. `Trusted_Connection` hutegemea akaunti za Windows. Weka jina na nywila za SQL. Maktaba mpya ya `Microsoft.Data.SqlClient` nayo hudai usimbaji wa muunganisho tangu toleo la 4, kwa hiyo kwenye mtandao wa ndani usio na cheti utaongeza `TrustServerCertificate=True`.

Kama data iko kwenye Access, kimbia haraka kwenda PostgreSQL, hifadhidata huria. Faili ya `.mdb` huharibika kirahisi umeme ukikatika katikati ya kuandika, na sisi wateja wa SNEL, kampuni ya umeme, tunajua hilo hutokea mara ngapi. PostgreSQL huandika kwanza kila badiliko kwenye daftari lake la kumbukumbu, na ikiwashwa tena hulisoma na kujirekebisha. Onduleri (betri ya akiba ya umeme) bado inahitajika, ila kukatika kwa umeme hakutakuwa tena msiba. Zana za mdbtools ndizo daraja:

`mdb-schema depo.mdb postgres > muundo.sql`

`mdb-export depo.mdb Bidhaa > bidhaa.csv`

Kutoka SQL Server kwenda PostgreSQL kuna `pgloader`. Ukihamia PostgreSQL, wauzaji watalalamika siku ya kwanza kwamba dawa zimepotea. SQL Server kwa kawaida haijali herufi kubwa na ndogo; PostgreSQL inajali. Anayeandika «amoxicilline» hatapata «AMOXICILLINE». Badili `LIKE` kuwa `ILIKE` katika kila utafutaji. Kwa kuwa nusu ya wauzaji huandika «paracetamol» bila alama, washa pia kiendelezi cha `unaccent`, kisha uandike `unaccent(jina) ILIKE unaccent('%paracetamol%')`.

Hatua ya sita: sura mpya ya kaunta

Kuna njia mbili. Avalonia hukupa madirisha halisi kwenye Linux na Windows kwa kodi moja, na aliyezoea WPF atajisikia nyumbani. Ifuate kama duka lina kaunta moja.

Duka lenye kaunta mbili na zaidi, nenda na ASP.NET Core. Mashine moja inakuwa seva, nyingine zote zinafungua kivinjari, hata tablet ya Android. Hakuna kuzunguka na fleshi kila unaporekebisha bei au ripoti. Unabadilisha mahali pamoja. Nimeona kazi ya marekebisho ikipungua sana kwa njia hii, na ndiyo ninayoichagua kila mara mteja akiniachia uamuzi. Haihitaji intaneti: ruta ya kawaida na waya vinatosha.

Kodi ikiwa tayari, itengeneze pamoja na kiendeshaji chake ili seva isihitaji kuwekewa .NET:

`dotnet publish -c Release -r linux-x64 --self-contained true -o kaunta`

Ipeleke `/opt/kaunta`, tengeneza mtumiaji wa mfumo aitwaye `kaunta`, kisha andika faili `/etc/systemd/system/kaunta.service`:

`[Unit]`
`Description=Kaunta ya depo`
`After=network.target postgresql.service`

`[Service]`
`WorkingDirectory=/opt/kaunta`
`ExecStart=/opt/kaunta/Kaunta --urls http://0.0.0.0:5000`
`User=kaunta`
`Restart=always`

`[Install]`
`WantedBy=multi-user.target`

Iwashe kwa `sudo systemctl enable --now kaunta`. Umeme ukirudi na mashine ikiwaka, programu inajianzisha yenyewe. Kwenye BIOS weka pia mashine iwake peke yake umeme unaporejea; kompyuta nyingi za ofisini zina mpangilio huo.

Fungua mlango kwa mtandao wa ndani tu, kwa namba za ruta yako:

`sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 5000 proto tcp`

Hatua ya saba: printa ya risiti

Printa ya karatasi ya joto iliyochomekwa USB huonekana kama `/dev/usb/lp0`. Mpe mtumiaji ruhusa kwa `sudo usermod -aG lp kaunta`, uanzishe huduma upya, kisha uifungue kwa `FileStream` ukiwa na `FileMode.Open` na `FileAccess.Write`. Utume baiti za ESC/POS (lugha ya amri za printa za risiti) zilezile ulizozitumia Windows: `1B 40` kuianzisha, `1D 56 00` kukata karatasi. Mizani na visomaji vya bandari ya COM hugeuka `/dev/ttyS0` au `/dev/ttyUSB0`, na ruhusa yake ni kundi la `dialout`.

Sasa chapa risiti ya kwanza na uitazame kwa makini. Mara nyingi utaona hivi:

28?500 FC

Hesabu ni sahihi, printa ni nzima. Alama hiyo inatoka kwenye nafasi inayogawa maelfu. .NET ya kale ilichukua kanuni za namba kutoka Windows, na nafasi ya Kifaransa ilikuwa herufi U+00A0, ambayo Windows-1252 inaijua. .NET mpya inatumia maktaba ya ICU, na huko nafasi hiyo ni U+202F, nyembamba zaidi, ambayo jedwali la herufi la printa halina. Dawa yake ni mistari miwili:

`var desturi = (CultureInfo)CultureInfo.GetCultureInfo("fr-CD").Clone();`

`desturi.NumberFormat.NumberGroupSeparator = " ";`

Ukichapa kwa muundo wa fedha wa `C`, rekebisha pia `CurrencyGroupSeparator`. Kisha tafuta kila mahali ambapo programu inasoma namba kutoka maandishi, kama faili ya bei ya msambazaji. Namba iliyoandikwa kwa nafasi ya aina moja inaweza kukataliwa ikisomwa kwa nyingine. Hifadhi namba za ndani kwa `CultureInfo.InvariantCulture`, na desturi ya Kifaransa uitumie kwa macho ya mteja peke yake.

Programu ikigoma kabisa kuanza na kulalamikia ICU, paketi ya `libicu` haipo kwenye mashine. Iweke. Usikimbilie mpangilio wa `InvariantGlobalization`, maana utapoteza tarehe na namba za Kifaransa zote.

Hatua ya nane: endesha mbili kwa pamoja

Usizime Windows siku hiyohiyo. Acha programu ya zamani ifanye kazi kwenye kaunta, na jioni ingiza mauzo yaleyale kwenye mpya, au andika kiungo kidogo kinachoyanakili. Linganisha mambo manne kila unapofunga kasha: jumla ya faranga, jumla ya dola, TVA, na stoku ya bidhaa zinazotoka sana. Tofauti ya faranga moja itafutwe mpaka ipatikane. Karibu kila mara ni kukadiria au kiwango cha dola kilichobadilishwa mchana.

Kipindi hicho kipite mwisho wa mwezi angalau mmoja, kwa sababu ripoti za mwezi ndizo zinazogusa sehemu za programu ambazo hakuna aliyezifungua siku za kawaida. Mweke muuzaji mwenye haraka kuliko wote kwenye kaunta mpya, ukae nyuma yake ukiangalia vidole vyake. Kama alizoea F2 kwa kutafuta na F9 kwa kulipa, mpe F2 na F9 zilezile. Kwenye kivinjari zinashikwa kwa mistari michache ya JavaScript.

Chelezo zianze kabla ya kuhama, si baada. Kwa PostgreSQL weka mstari huu kwenye crontab (ratiba ya amri) ya mtumiaji `postgres`, saa moja jioni kila siku, kwenye folda ambayo mtumiaji huyo anaruhusiwa kuandika:

`0 19 * * * pg_dump -Fc depo > /chelezo/depo-$(date +\%F).dump`

Alama ya mkwaju mbele ya asilimia ni ya lazima ndani ya crontab. Bila hiyo amri inakatika hapo. Mara moja kwa wiki chukua faili ya mwisho, irudishe kwenye kompyuta nyingine kwa `pg_restore`, ufungue risiti ya jana, na nakala ya fleshi impelekee patroni nyumbani.